Baridi Iliyofungiwa Bondeni

Siku tuliyomzika dada yangu Chelangat, kijana mmoja aliyeleta hema na viti alinionyesha simu yake. "Kugo, usiwe na wasiwasi," aliniambia, kwa kuwa vijana wote wa huku huniita babu siku hizi, hata nisiowajua. "Simu inasema Kericho ni jua mpaka jioni." Nikamwambia simu yake inaongea habari za Kericho mjini, na sisi hatuko mjini, tuko huku juu karibu na msitu, na kutoka mlango wa marehemu hadi kwenye chemchemi yake kuna hali mbili za hewa ambazo hiyo simu haijawahi kuzikanyaga. Akacheka kwa adabu, jinsi wanavyotuchekea. Alasiri wingu likapanda kutoka upande wa ziwa kama lilivyopanda miaka yote niliyolijua, na mvua ya mawe ikalipiga hema mpaka mhubiri akafunga Biblia akangoja. Sikumtafuta yule kijana nimwambie neno. Nilikuwa nimeingia jikoni kwa dada yangu, nikakaa kwenye kigoda karibu na majivu yaliyopoa, nikawa nasikiliza mabati yakigongwa na kuufikiria mwaka nilioishi ndani ya nyumba hii.

Watu huniambia kwamba majira yameharibika na kwamba mambo tuliyojifunza sisi wazee hayana kazi tena. Siwezi kukataa yote. Mvua kubwa inachelewa, halafu inakuja kwa hasira. Na mahindi ya chini huko Bomet nimeyaona yakikauka mwezi ambao zamani tulikuwa tukiyachoma. Lakini kilima hiki hakijashuka. Kiko pale pale kilipokuwa, juu vile vile, na mahali palipo juu pana sheria zake. Asubuhi jua, alasiri wingu, usiku baridi inayotafuta mahali pa kulala. Atakayekuja na mche wa parachichi au wa kitu kingine chochote kinacholetwa na mawakala aje kwanza alale hapa mwezi wa kiangazi, aamke mapema, ateremke mpaka chemchemi bila viatu. Akishafanya hivyo tutaongea.

Nimekosea mambo mengi maishani, na mengi sitayaandika hapa kwa sababu hayahusu kilima hiki. Moja linahusu. Mimi ndiye niliyemchagulia dada yangu mahali pa kupanda chai, nikachagua vibaya, na nilipoona nimekosea nikawa wa kwanza kumwambia akubali kushindwa. Sitalipamba wala sitalipunguza. Nilikuwa kijana mwenye cheti cha Form Four.

Nilikuwa nyumbani upande wa chini wa Bomet, nikingoja kazi ambayo hakuna mtu aliyeniahidi, Chelangat aliponiita. Mumewe alikuwa amefariki akamwachia mabinti wawili wadogo, Chebet na Chepkoech, na kipande cha mteremko. Kaka ya mumewe, Arap Tonui, ambaye ng'ombe wake walikula nyasi ng'ambo ya ua wa shamba hilo, alitaka kipande hicho kirudi kwake, kwa kuwa nyumba ya Chelangat haikuwa na mtoto wa kiume. Wazee wakakaa, wakala, wakaamua. Mjane apewe muda mpaka mvua kubwa ya mwaka unaofuata. Akiweza kupanda chai, na chai ikawa imesimama mvua hiyo ikianza, shamba ni lake na la mabinti wake, na Tonui asiongee tena. Isiposimama, mjane atabaki na nyumba na bustani ya mboga, na mteremko uwe malisho. Nadhani waliona wametenda haki bila kupoteza chochote, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mwanamke mmoja na watoto wawili wakipanda chai ikasimama.

Nilipanda huko na pikapu ya maziwa iliyokuwa ikirudi na madebe matupu, nikiwa nimesimama nyuma na sanduku langu la shule. Ndipo nilipoona kwa macho kitu nilichokuwa nimekiandika kwenye mtihani. Nyumbani mahindi yalikuwa yamenifika kifuani. Kadiri gari lilivyopanda, mahindi yalizidi kuwa mafupi, kana kwamba kila kona ilikuwa inayarudisha nyuma kwa wiki kadhaa, mpaka tulipofika kwa dada yangu yakawa ndiyo kwanza yanachomoza. Mbegu ya aina moja, mvua ile ile, na mtu akila mahindi mabichi Bomet, ndugu yake wa juu bado anapalilia. Nilijisikia mtu mwenye elimu. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametufundisha kwamba kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyopungua, nikapata alama nzuri kwa sentensi hiyo, na sasa niliiona imeandikwa kwenye mashamba ya watu.

Jikoni ya Chelangat ilikuwa ya mbao na udongo, yenye moshi ulioweka rangi nyeusi inayong'aa kwenye boriti. Maharagwe yalikaa motoni tangu asubuhi na bado yalikuwa yakigonga meno. "Maharagwe ya huku ni kichwa ngumu kama watu wa huku," aliniambia jioni ya kwanza, akinimiminia mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa mazito yenye harufu ya mkaa wa mti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba maji maisha yake yote, na hakupenda kukaa. Alikula akiwa amesimama, sahani mkononi, akiangalia nje ya mlango kama mtu anayengoja mgeni asiyemtaka.

Mimi nililala chumba cha kando, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao zenye nafasi, kwa hiyo mwaka ule nilisikia mengi ambayo hayakuwa yangu. Jirani yake, Mama Kipkirui, alikuwa akija kuomba moto na kukaa mpaka chai iishe. Kwetu sisi Wakipsigis, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumlipia msichana mahari, amwoe, na watoto watakaozaliwa na msichana huyo wawe wa nyumba yake. Wazee walikuwa wamelidokeza neno hilo, na Mama Kipkirui ndiye aliyelileta hadi jikoni.

"Wewe oa," nilimsikia akisema. "Si wewe wa kwanza. Tafuta msichana mwenye mgongo mzuri, akuzalie kijana, na huyo Tonui atanyamaza."

"Nimeshaoa," dada akasema.

"Umeoa nani?"

"Chai. Imelala hapo nje, kila mmoja na karatasi yake. Mke wa adabu, haongei na majirani."

"Na huyo atakuzalia mvulana?"

"Atanizalia majani. Mvulana Tonui anajua kumfinya. Majani atayafanya nini?"

Wakacheka mpaka mtoto akaamka. Miche yenyewe ilikuwa imelazwa kando ya nyumba kwenye vifuko vyake vya nailoni, chini ya kivuli cha nyasi. Ilikuwa imetoka kwenye kitalu cha chini, upande wa Kapsoit, na ilionekana laini mno kwa hewa ya pale, kama watoto wa mjini waliokuja likizo bila sweta.

Shamba lilianzia kwenye bega la kilima, nyuma ya nyumba, likateremka mpaka kwenye kibonde chenye chemchemi. Mwisho wa kibonde ulikuwa ua wa saiprasi ambao baba yake Tonui alikuwa ameupanda kuzuia ng'ombe, miti iliyoshonana kutoka ardhini mpaka juu ya kichwa cha mtu, hata kuku hakupita. Ng'ambo ya ua bonde liliendelea kuteremka kwenye malisho ya Tonui. Mimi nilikitazama kile kibonde nikakipenda. Udongo mweusi, maji karibu, nyasi mbichi hata siku za jua, na upepo haukufika. Nilimuuliza Chelangat kwa nini hakuna mtu aliyewahi kulima pale. Hakujua. Mumewe alikuwa akikata nyasi za ng'ombe tu, na kabla yake baba mkwe hali kadhalika. Nilipowauliza majirani, mmoja alisema ni matope, mwingine akasema ni mahali pa ng'ombe tu. Hakuna aliyejua sababu. Walikuwa wamepaacha kama watu wanavyoacha kiti fulani tupu bila kukumbuka aliyekikalia.

"Tupande yote chini," nilimwambia. "Juu ni baridi. Hata shule inasema hivyo. Na hii mvua ya mawe inapiga bega la kilima kwanza."

"Kutoka hapa mpaka pale ni mbali gani mpaka baridi ibadilike?" aliuliza.

"Hata kidogo inasaidia."

Alifikiri akipangusa mikono kwenye leso. "Nusu chini, nusu hapa juu. Siwezi kulaza watoto wote kitanda kimoja."

Niliudhika. Nilimwambia atapoteza nusu ya chai yake kwa woga. Akaniambia nusu ya kwanza nichague mimi, nusu ya pili achague woga.

Tulipanda kwa kipagenge, ile kazi ya pamoja ambapo majirani wote wanakuja kwako leo nawe unakwenda kwao kesho. Mvua ilikuwa imekolea na udongo ulikubali jembe. Hata Arap Tonui alikuja, kwa sababu asiyekuja kwa jirani hataona mtu siku yake ya kuvuna, na uadui wa shamba haukuwa sababu ya kuvunja kipagenge. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la kijeshi na sauti ya kuita ng'ombe. Alipanda mistari yake vizuri kuliko mimi, akikandamiza udongo kwa kisigino.

"Najipandia tu," aliwaambia wenzake kwa sauti ya kusikika. "Mwaka ujao ng'ombe zangu zitakula hapa."

"Basi panda vizuri, shemeji," Chelangat akajibu bila kuinua kichwa. "Zisije zikalala njaa."

Watu wakacheka, naye Tonui akacheka pia. Sikuwa na chuki naye wakati ule, na hata sasa sina. Alikuwa akilinda kitu alichofundishwa kwamba ni chake.

Miezi ya mvua ilinipa sifa. Kila asubuhi kulikuwa na jua safi, kila mchana wingu lilijikusanya juu ya ziwa mbali huko, na alasiri likapanda ngazi za vilima mpaka likatufikia na kumwaga. Chai ya bondeni ilinenepa. Chai ya begani ilikaa pale ilipopandwa, ikitoa jani moja kwa kinyongo. Halafu ukaja ule wakati wa ukungu katikati ya mwaka, jua likipotea siku nzima, nguo zisikauke, tukawa tunaanika soksi za watoto juu ya sufuria. Kila kitu kilipunguza mwendo, lakini bonde bado liliongoza. Ukungu ulipoisha, ikaja alasiri moja ya mvua ya mawe, mawe makubwa kama punje za mahindi kisha kama mayai ya njiwa, yakaipiga chai ya begani mpaka majani yakawa nyuzi. Bondeni hayakugusa sana. Mvua ya mawe huku hupita kama mtu mwenye njia yake, inakanyaga shamba hili na kuliruka lile.

"Ona watoto wako wa juu," nilimwambia Chelangat. "Wamevaa matambara."

"Wamevaa," akasema. "Maiti havai mwenyewe."

Mama Kipkirui alinisifu hadharani. Akasema mama yetu alifanya vizuri kunipeleka shule. Nililala nikiwa na furaha ya kijinga sana, na ninapoikumbuka leo siioni aibu ya kuwa mjinga, kila mtu huanzia hapo. Naona aibu ya raha niliyoipata kwa kumwona dada yangu akikosea.

Baada ya kuvuna mahindi kiangazi kikafungua mbingu. Watu wa nje hudhani kiangazi ni joto tu. Huku juu, mchana jua linachoma ngozi ya pua, na usiku baridi inakuwa kali kuliko wakati wa mvua, kwa sababu wingu ndilo blanketi letu, na kiangazi kinalivua. Joto lote la mchana huondoka kwenda juu kwenye nyota na hakuna cha kulizuia. Tulianza kulala na sweta. Maji ya kunawia uso yaliuma vidole.

Asubuhi moja nilishuka na ndoo kwenda chemchemini. Jua lilikuwa limeshagusa bega la kilima lakini bonde lilikuwa bado kivulini, na bonde lote lilikuwa jeupe. Nyasi zilivunjika chini ya viatu vyangu kwa sauti ya karatasi. Ilikuwa sakitu, umande ulioganda, na ilikuwa imekaa kwenye kila jani la chai kama chumvi safi. Sitasema uongo, niliona ni nzuri. Nilichuma jani nikaliweka kwenye ulimi. Nilimwita Chebet aje aone. Jua lilipofika, weupe ukayeyuka, na chini yake majani yakaanza kubadilika, kwanza rangi ya kijani kilichokolea kama mboga iliyopikwa, kisha kahawia, na mchana ulipoingia chai yangu yote ya bondeni ilikuwa nyeusi, imening'inia, kana kwamba mtu amepita akimwaga maji yanayochemka mche kwa mche. Juu begani, yale matambara ya Chelangat yalikuwa yamesimama, mabovu, ya kijani.

Tonui alikuja mpaka kwenye ua wake, akapanda juu ya jiwe akatazama. Hakutukana. Alisema tu, "Hii sasa Mungu ameamua mwenyewe," akaenda zake akipiga mluzi kwa ng'ombe.

Jioni ile Chelangat alisonga kimyet, ugali mzito wa wimbi, akaweka mboga za kienyeji juu ya moto, na mimi nikasema nilichosema. Nilimwambia tumeshindwa. Nusu imekufa, nusu imepigwa mawe, wazee watacheka wakija. Nilimwambia akubali nyumba na bustani, au bora zaidi awachukue watoto turudi Bomet ambako kuna joto na watu wetu, na nitatafuta kazi nimsaidie. Nilisema kwa upole. Nilijiona mtu mzima mwenye busara, na huenda kila mtu anayemshauri mwingine aache kitu chake hujiona hivyo.

Alinipa sahani. "Kula," akasema. "Ukimaliza kula, kama unataka kwenda kwenu, nenda. Maziwa ya kesho yanatoka mapema, pikapu itakubeba."

"Na wewe?"

"Mimi niko kwangu."

Akaenda kuwalaza watoto. Nilikula.

Sikupanda pikapu. Asubuhi niliposhuka kuchota maji, ili angalau nifanye kazi ya mwisho, dada yangu alikuwa amesimama katikati ya mteremko, miguu mitupu, khanga kichwani, akipanda hatua chache na kushuka hatua chache, kama mtu aliyeangusha sindano. "Vua viatu," aliniambia. Nikavua. "Teremka pole pole. Niambie." Nikateremka. Mahali fulani, si mbali na chemchemi, baridi ilinishika miguu kwa ghafla kama mtu anayeingia mtoni. Nilirudi nyuma hatua moja, nikatoka ndani yake. Nikaingia tena. Magoti yalikuwa baridini na kifua kilikuwa nje.

"Juu ni joto," nilisema. "Haiwezekani."

"Iko kwa mguu yako na bado unakataa."

Wakati tukibishana, moshi wa jikoni ulikuwa umetoka mlangoni, maana Chebet alikuwa amewasha moto kwa magunzi mabichi. Hakukuwa na upepo. Moshi haukupanda. Uliteremka mteremko ukiwa karibu na ardhi, polepole, ukapita begani, ukapita tulipokuwa, ukaingia bondeni ukielekea chini kama maji ya mfereji. Ukafika kwenye ua wa saiprasi. Hapo ukasimama. Ukajirundika, ukapanda kidogo, ukarudi nyuma, ukalala juu ya chai nyeusi. Shuleni nilifundishwa kwamba hewa baridi ni nzito. Sikufundishwa kwamba ina miguu, kwamba usiku wa kiangazi inashuka kutoka kila kilima ikitafuta mahali pa chini, na kwamba ukiiwekea ukuta itajaa kama bwawa. Kile nilichoandika kwenye mtihani kilikuwa kweli kwa kilima kizima mchana, na uongo kwa shamba moja alfajiri. Tulikwenda mpaka kwenye ua, tukatenganisha matawi tukachungulia. Malisho ya Tonui, chini kuliko sisi, yalikuwa na umande wa kawaida, mbichi na kijani.

"Imefungiwa kwangu," Chelangat akasema.

Alianza kwa adabu. Alikwenda kwa Tonui mchana, na mimi nikamfuata, akamwomba akate nafasi kwenye ua, upana wa lango la ng'ombe, ili baridi ipite. Tonui alikuwa akinoa panga. Alimtazama kama anayetafuta alama za homa.

"Unataka njia ya hewa?"

"Ndiyo, shemeji."

"Hewa inaomba njia tangu lini? Huu ua baba yangu alipanda. Mume wako mwenyewe hakuugusa. Wewe mama, hii chai imekutesa, achana nayo upumzike."

"Nitapumzika chai ikisimama."

"Basi hutapumzika."

Siku ya sokoni, njia ikiwa imejaa watu wanaorudi, Chelangat alichukua shoka nami nikachukua panga. Nilikuwa nimesema tukate kabla hakujapambazuka. Alikataa. Alisema mwizi ndiye hukata gizani, yeye anakata mlango wake. Kwetu kukata ua wa mtu si jambo dogo. Ni sawa na kumwingilia nyumbani, na watu walisimama njiani na mizigo yao vichwani wakitazama saiprasi za mzee aliyekufa zikianguka. Tonui alikuja mbio na fimbo. Chelangat hakuacha. Kila alipopiga shoka alisema kitu kimoja bila kumtazama, "Ita wazee, shemeji. Waite." Tonui aliinua fimbo, akaishusha, akaiinua. Nilisimama kati yao na panga langu likielekea chini, na huo ndio wakati pekee wa mwaka ule ambao siujutii hata kidogo.

Mwishowe Tonui alikwenda kuwaita wazee, nao wakasema wataliangalia jambo la ua siku watakayoangalia chai. Tukabaki kungoja. Nilikata miche yote ya bondeni karibu na ardhi, nikaacha vijiti, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu haikuweza kukaa. Kila asubuhi tulitazama moshi. Ulipita kwenye nafasi tuliyokata, ukaingia kwa Tonui, ukasambaa na kupotea. Sakitu ilikuja tena, lakini sasa ilikuwa kama chumvi ya kuonja. Begani, chai ya matambara ilitoa majani mapya madogo, magumu, yenye rangi ya shaba. Vijiti vya bondeni vilikaa kimya, na vingine, nilipovikwaruza kwa ukucha, vilikuwa vimekauka mpaka chini. Chelangat hakuniuliza ni vingapi. Mama Kipkirui alikuja kuomba moto na hakutania.

Wazee walikuja mvua kubwa ilipokuwa imenyesha kwa siku chache na kilima kizima kilinuka udongo. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Arap Koech, mtu mwembamba mwenye macho mabovu, ambaye alikagua chai kwa vidole. Alianza begani. Alipapasa mche mmoja baada ya mwingine, akitikisa shina kuona kama limeshika. Akasema, "Hii imesimama. Ina sura mbaya, lakini hata mimi nina sura mbaya." Kisha wakashuka bondeni. Tonui alikuwa mbele, akionyesha vijiti. Mzee akainama, akapapasa. Akainama kwenye kijiti kingine. Pembeni mwa shina, chini kabisa, kulikuwa na chipukizi jekundu lisilozidi ncha ya kidole cha mtoto. Si vyote. Kila mstari ulikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeota meno. Lakini mistari ilikuwepo.

"Makubaliano yalikuwa isimame," Tonui akasema. "Hii imelala."

"Aliyelala si maiti," Mzee akasema. "Na ua? Nani alikata?"

"Ni mimi," nikasema haraka.

"Muongo," Chelangat akasema. "Yeye alibeba matawi. Ni mimi."

Wazee walikwenda kando, wakasimama kwenye mvua nyepesi bila kujikinga, wakaongea muda mrefu. Waliporudi, Mzee akasema shamba ni la nyumba ya Chelangat na la mabinti wake. Kwa kukata ua wa marehemu, atatoa kondoo dume mmoja kwa Tonui, na nafasi ile izibwe kwa miti mipya kabla mvua haijaisha.

"Kondoo nitatoa leo," dada yangu akasema. "Nafasi siwezi kuziba."

Mzee mmoja akamwambia ashukuru kwa alichopewa. Wanaume wengi waliokuwa pale walikuwa wa rika la baba yetu, na sijawahi kumwona mwanamke akiwakatalia kwa sauti ndogo vile.

"Mkitaka izibwe, chukueni na shamba," akasema. "Kwa sababu mkiziba, kiangazi kingine mtakuja tena kutazama vijiti, na mtasema mwanamke alishindwa. Sitashindwa kwa sababu ya miti."

Tonui alikuwa akiutazama ule mwanya, na malisho yake ng'ambo ya pili. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipolifikiria jambo lenyewe badala ya ua.

"Sasa hiyo baridi yako," alimwuliza, na sauti yake haikuwa ya kuita ng'ombe, "itakuwa inapita kwangu kila mwaka?"

"Itapita tu, shemeji," Chelangat akasema. "Haikai kwa mtu. Wewe ndiye uliyeifungia kwangu."

Mzee Arap Koech akapangusa vidole kwenye koti, akasema kondoo anatosha, nafasi ibaki, na akauliza kama kuna chai nyumbani.